Mume Wangu Hajaokoka: Je, Mbinguni Nitapungukiwa?



Juzi usiku dada mmoja wa ushirika wetu alinitumia ujumbe mrefu. Jirani yake ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi wetu huwaita Wamormoni. Wamekuwa marafiki kwa sababu wana mzigo mmoja: waume zao hawataki kusikia habari za kanisa. Jirani amemweleza kwamba kwao ndoa ikifungwa hekaluni haivunjwi na kifo. Dada yetu akaniuliza, "Mchungaji, mume wangu akikataa mpaka mwisho, mimi nitapungukiwa mbinguni?"

Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza tuwatendee haki majirani zetu. Nimesikia ikisemwa madhabahuni kwamba Wamormoni wanafundisha kuwa mke wa asiyeamini anaenda motoni. Si kweli, na kumsingizia mtu ni dhambi hata kama hatukubaliani naye. Wao wanafundisha falme tatu za utukufu: ya selestia, ya terestria na ya telestia. Karibu kila mtu ataishia katika mojawapo. Mume mwema wa huyo jirani, anayemheshimu mkewe ila hataki kanisa, hawamtupi motoni.

Shida iko juu zaidi. Joseph Smith, aliyeanzisha kanisa hilo huko New York mwaka 1830, alifundisha mwaka 1843 kwamba hata ndani ya ufalme wa selestia kuna ngazi tatu, na ile ya juu kabisa hufikiwa na walioingia katika agano la ndoa ya milele. Kwa hiyo wao hutofautisha kuokolewa na kuinuliwa. Kuinuliwa hakuwi kwa mtu mmoja mmoja. Mume na mke hupiga magoti hekaluni, kila mmoja upande wake wa madhabahu, wakishikana mikono, na huunganishwa kwa wakati huu na kwa milele yote. Zamani waumini wao wa hapa Kenya walisafiri hadi Johannesburg kwa ajili hiyo. Siku hizi hekalu liko hapa Nairobi, lilifunguliwa 2025. Lakini haingii mtu bila kibali, na kibali kinataka ubatizo wao, zaka kamili, kuacha pombe, sigara na kahawa. Na chai pia! (Hapo wengi wetu tungebaki getini.)

Sasa mwone huyo mama. Yeye ana kila kitu isipokuwa mume wa kupiga naye magoti. Viongozi wake humfariji kwamba aliye mwaminifu hatanyimwa baraka yoyote, na kwamba hata baada ya kifo watu walio hai wanaweza kusimama kwa niaba yao hekaluni, naye marehemu atakubali au atakataa. Ni faraja ya upole. Siicheki. Mke anayezika mume wa miaka 40 anatamani sana kuambiwa hivyo.

Lakini mimi siwezi kumwambia, kwa sababu Bwana Yesu aliulizwa swali hili waziwazi. Masadukayo walimletea habari za mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, wakitaka kujua atakuwa mke wa nani siku ya ufufuo. Soma jibu lake katika Mathayo 22 na Luka 20: huko watu hawaoi wala hawaolewi. Paulo naye katika Warumi 7 anasema kifungo cha ndoa hukoma mume anapokufa. Dada yangu, taji lako halina nusu iliyoshikwa na mume wako. Wewe umesimama mbele za Mungu kwa damu ya Yesu, peke yako, na inatosha.

Kuhusu mume wako sitakudanganya. Sisi tunaamini Waebrania 9:27, kwamba baada ya kufa ni hukumu. Katika hilo ujumbe wetu ni mzito kuliko wa jirani yako. Ndiyo maana tunaomba kwa machozi akiwa hai.

Na sasa nageukia nyumbani kwetu, maana boriti iko jichoni mwetu. Sisi hatuna hekalu la kuunganisha wanandoa, lakini tumewafungia akina mama mlango kwa njia yetu. "Hujafunga vya kutosha." "Ungekuwa mpole angeokoka." Mama amehudumu miaka kumi, akipendekezwa kuongoza idara tunauliza mumewe anaabudu wapi.

Mimi mwenyewe nimekosa. Zamani nilimwambia mama mmoja kwamba wokovu wa mumewe uko magotini pake. Alifunga, alikesha. Mume akafariki bila kuokoka. Siku ya mazishi akanishika mkono akasema, "Pasta, nimeshindwa kazi uliyonipa." Hakurudi kanisani tena. Sina mahubiri ya kufuta maneno yale. Paulo katika 1 Wakorintho 7 anamwambia mwamini asimwache asiyeamini akikubali kukaa naye, kisha anauliza mke atajuaje kama atamwokoa mumewe. Anauliza tu. Hakumpa mke jukumu hilo. Mimi ndiye nililompa.

Kwa hiyo dada, kaa na mume wako kwa amani. Mpikie, cheka naye, usigeuze kila chakula cha jioni kuwa mkutano wa injili. 1 Petro 3 inasema wengine huvutwa na mwenendo, bila neno. Timotheo alikuwa na baba Myunani, na imani aliipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, basi usiache kuomba na watoto. Lakini kama mume anakupiga, hayo ni mengine. Usiyafiche kwa jina la uvumilivu. Tupigie simu.

Na jirani yako usimkimbie. Nendeni sokoni pamoja kama kawaida. Akikuuliza unaamini nini, mwambie.

Jumatano baada ya maombi ya mchana, mama mchungaji na mimi tutakuwa ofisini kwa ajili ya wake, na waume pia, ambao wenzao hawajaokoka. Tuandikie jina la mwenzako faraghani tuombe naye kwa jina. Na yule mama wa mazishi, kama unasoma hapa: nisamehe. Kazi ile haikuwa yako.