Ufundi ni wetu, tuupime sisi wenyewe

Ukifungua piano, ndani yake utakuta shaba. Nyuzi za sauti nzito, zile za upande wa kushoto, ni chuma kigumu kilichovingirishwa waya wa shaba. Piano moja iko na nyuzi karibu 230, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 18 hivi, hata kupita. Mbao yake nayo inavimba wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, na sauti zinapotea. Kuzirudisha mahali pake haiko kazi ya mpiga piano. Iko kazi ya fundi, mtu ambaye wasikilizaji hawamwoni na jina lake hawalijui.

Sisi wa mashimo na ateliye tunamfahamu mtu wa namna hiyo. Shaba yetu inapanda meli, inafika mbali, na hakuna anayeuliza nani alitengeneza pompi iliyotoa maji mu shimo. Kwa hiyo msomaji asishangae tukimwelezea leo habari ya mafundi wa piano wa Marekani. Kuna jambo wao wamefanya, na kwetu bado.

Tangu 1957 mafundi hao wako na chama chao, Piano Technicians Guild, kilichozaliwa wakati vyama viwili vilipokubali kuwa kimoja. Kiko na matawi mu miji mingi, Chicago kati yayo. Mara nyingi tawi linakutana kila mwezi. Maneno ya michango na ya wanachama wapya yanapita, kiisha wanageukia kazi yenyewe. Fundi mmoja anaonyesha wenzake namna ya kubadilisha uzi uliokatika, ao ya kurekebisha nyundo ndogo zinazopiga nyuzi. Wengine wanauliza, wanabisha, wanajaribu kwa mikono yao. Na watu hao njo wale wale wanaotafuta wateja mu mji mmoja! Wanashindana, lakini wanafundishana.

Mtu mpya anaweza kuingia bila mtihani. Lakini akitaka kuandikwa fundi kamili, anapita mitihani mitatu: wa kuandika, wa kutengeneza, na wa kulinganisha sauti. Kila mmoja anapaswa kupata 80 juu ya 100. Tuangalie ule wa sauti. Mafundi wazoefu wanakaa kwanza juu ya piano moja, wanailinganisha mpaka wote wakubaliane, wanaandika vipimo. Kiisha wanaiharibu makusudi. Anayepimwa anaingia, anailinganisha upya, na kazi yake inapimwa, sauti kwa sauti, na ile waliyokubaliana wale wazoefu. Vipimo havijui mtu ni mtoto wa nani, wala ametoka mkoa gani. Sauti iko mahali pake, ao haiko.

Sasa tujiangalie sisi. Kijana ameunganisha vyuma kwa moto miaka sita mu kampani ndogo inayokodisha watu kwa kampani kubwa. Kwenye karatasi ameandikwa manevri, na analipwa manevri. Mkataba unaisha, inakuja kampani ingine, anaanza upya chini kabisa. Akidai haki yake anaambiwa: leta karatasi ya ufundi. Na anayeweza kumwandikia karatasi hiyo njo yule yule anayepata faida kwa kumlipa kidogo! Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi za kukodishwa namna hii inasema kampani gani inaweza kupewa kazi. Haipimi mkono wa mfanyakazi.

Upande mwingine kuna wazee. Mu 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Ujuzi wao ulitoka nao. Wengi tumewasindikiza makaburini. Waliobaki wanakaa chini ya mwembe, na hakuna anayewauliza kitu.

Tena kuna mafundi wanaoficha. Saa ya kurekebisha sehemu ngumu, wanamtuma kijana kuchota maji. Wanafikiri anayefundisha atapoteza nafasi yake. Hapo tuwakumbushe Claude Montal, Mfaransa kipofu aliyejifundisha mwenyewe kulinganisha piano kule Paris, wakati watu hawakuamini kipofu anaweza kazi hiyo. Mu 1836 alichapisha kitabu cha kufundisha kila mwenye piano namna ya kuilinganisha. Hakukosa kazi kwa sababu hiyo. Alikuja kuwa na ateliye yake mwenyewe ya kutengeneza piano.

Hatusemi kile chama cha Marekani ni sindika. Mafundi wake wengi wanajitegemea, hawana kapita, na chama chao hakidai mishahara. Mshahara sisi tutaendelea kuudai kwa sindika yetu. Lakini delege akikaa mezani na wakubwa kusema juu ya madaraja ya kazi, akiwa mikono mitupu, ataambiwa tu: ninyi wote mko wamanevri.

Kwa hiyo tunaomba kila seksio ichague Jumamosi moja kwa mwezi. Masuderi wakutane peke yao, mamekanisia peke yao, wa umeme peke yao. Kila mara mzee mmoja afundishe jambo moja, juu ya chombo kilichoharibika kweli, si kwa maneno tu. Iandikwe mu kayee: nani alifundisha, nini, mbele ya nani. Kiisha mafundi watatu wazoefu, kila mmoja wa kampani yake, wampime anayetaka kupimwa, na watie sahihi. Ndugu asimpime ndugu yake.

Karatasi hiyo haitakuwa diploma ya Serikali, na mkubwa anaweza kuikataa. Lakini kukataa sahihi ya mafundi watatu ni kazi ngumu kuliko kukataa neno la kijana mmoja. Tukiwa na orodha nzuri, tutabisha mlango wa INPP, iliyoundwa 1964 kwa kufundisha wafanyakazi, ili nayo iwapime watu wetu.

Na ninyi wamama, msione Jumamosi hiyo ni ya kupotea. Tofauti ya mshahara wa manevri na wa fundi njo feza ya masomo ya watoto.

Hatuhitaji ruhusa ya mtu kwa kuanza. Tunahitaji viti, pompi moja mbovu, na mzee mmoja anayekubali kuulizwa. Seksio zianze mwezi huu.