Nani Alale Kitanda cha Juu?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wasomaji wengine wakalicheka kwa udogo wake. Jambo lenyewe ni kitanda cha juu katika vitanda vya deka. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Kwa miaka tisa sasa kazi yangu ni kutunza vyumba vya abiria katika meli za matembezi, zile kubwa zinazowachukua watu wa Ulaya na Marekani kuzunguka bahari kwa starehe, kisha zikawarudisha pale pale zilipowapakia. Tupo watu wa Afrika ya Mashariki kadha wa kadha katika kazi hii, hasa vijana wa Mombasa, na mimi Mganda mmoja katikati yao hutaniwa kila siku kwa Kiswahili changu. Basi wasomaji wa pwani wakiona kosa, wanisamehe.

Chumba cha kawaida cha abiria ni kidogo, mita za mraba 15 au 17 hivi pamoja na choo chake. Mchana ukiingia waona vitanda viwili tu, na wadhani watu wawili ndio wanaolala humo. Kumbe vitanda vya juu vimefichwa. Vingine vimekunjwa ukutani kama mlango wa kabati, vingine vimo darini. Werevu huu haukutoka kwa mabaharia, ulitoka katika gari la moshi: Mmarekani George Pullman alitia vitanda vya namna hii katika mabehewa yake ya kulalia katika miaka ya 1860, na hata leo melini twaviita kwa jina lake. Jioni, abiria wakiwa mezani, mimi huingia na ufunguo wangu, nikakishusha kitanda, nikakitandika, nikauweka ukingo wake, nikaitundika ngazi mpaka kulabu zake zishike barabara. Asubuhi nakikunja tena. Nimefanya hivi mara maelfu, na karibu kila mara anayekuja kulala pale ni mtoto.

Siku ya kwanza ya safari wazazi huniuliza swali moja: “Je, bahari ikichafuka, mtoto wetu hataanguka?” Ni swali la haki, wala sijapata kumcheka mzazi aliyeniuliza. Lakini katika maoni yangu wanaishitaki bahari bure, na mwizi ni mwingine.

Meli hizi zina mapezi ya chuma chini ya maji, huku na huku ubavuni, na hayo hupunguza kuyumba. Hata hivyo zipo siku ambazo meli yaenda mrama. Hapo inategemea kitanda kimelala namna gani. Kama kimekingama, yaani kimetoka ubavu huu kuelekea ubavu ule, mwenye kulala huinuliwa kichwa, kisha akainuliwa miguu, na jambo baya litakalompata ni kichefuchefu. Kama kimeelekea omo na tezi, meli ikiyumba humviringisha kama gogo kuelekea ukingoni. Mabaharia wa zamani walilijua jambo hili, wakatia ubao ubavuni mwa vitanda vyao, au kitambaa cha tanga kilichokazwa kwa kamba. Ukingo wa chuma ninaouweka kila jioni ni mjukuu wa ubao ule. Ukiwapo, na uwe mrefu wa kutosha, mtoto aliyelala hufika pale akakoma.

Nakumbuka usiku mmoja tulipokuwa tukivuka Golfe du Lion, kati ya Hispania na Ufaransa, na upepo wa kaskazini waitao mistral unavuma. Glasi zilianguka, viti vilitembea vyenyewe. Katika chumba kimoja cha zamu yangu walikuwamo wasichana wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine kumi na mmoja, wote juu. Asubuhi nilipogonga mlango niliwakuta wanacheka, wamelala fofofo usiku kucha. Baba yao alikuwa sakafuni amekumbatia ndoo.

Sasa nitaeleza habari ya pili. Ilitokea saa tisa za mchana, bandarini Barcelona, meli imefungwa kamba na imetulia kama meza. Familia moja ilikuwa na wavulana wawili, wa miaka minane na wa minne. Tangu siku ya kwanza waligombania kitanda cha juu. Yule mdogo akalia, na baba, ambaye alikuwa mtu mpole sana, akaamua kwamba mwenye kulia ndiye apewe. Nilimwambia, “Bwana, kwa desturi yetu mtoto wa chini ya miaka sita hulala chini.” Akajibu kwamba ukingo upo na bahari ni shwari. Mtumishi wa chumba hawezi kumwamuru abiria. Nilikwenda kumwambia mkubwa wangu, naye akasema ataongea naye jioni. Jioni haikufika. Mtoto alipanda mchana kuchukua gari lake la kuchezea, akashuka ngazi ameipa mgongo, gari katika mkono mmoja, mkono wa pili umeshika hewa. Alivunjika mkono karibu na kiwiko. Nilikuwa katika chumba cha jirani nikausikia mshindo wake, na tangu siku ile nikisikia sanduku limeanguka moyo wangu hushtuka.

Nawaambia wasomaji kwamba ukingo ulikuwapo wakati wote. Ukingo humlinda mtoto aliyelala. Mtoto aliye macho, anayepanda, anayeruka, anayeshindana na kaka yake, haumlindi hata kidogo. Hiyo ndiyo sababu nasema umri hauna badala. Mtoto wa miaka minne kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, mshiko wake ni dhaifu, na akizinduka usiku huenda hakumbuki yuko wapi. Nchini Marekani sheria ya vitanda hivi iliyotolewa mwaka 1999 inataka kila kitanda cha deka kibandikwe onyo kwamba wenye umri wa chini ya miaka sita wasilale juu. Sheria hiyo hiyo inataka ukingo pande zote mbili, hata upande wa ukutani, nao uzidi godoro kwa inchi 5, kama sentimita 13. Katika Ulaya ukingo hutakiwa kuzidi godoro kwa sentimita 16. Nafasi za ukingo zisizidi inchi 3 na nusu, kwa maana mwili wa mtoto mdogo huweza kupenya penye uwazi na kichwa kikabaki. Wengi hawafikiri juu ya upande wa ukutani. Wadhani ukuta watosha, kumbe pale kati ya godoro na ukuta ndipo penye mtego.

Hapa niseme kidogo juu ya mapenzi ya wazazi, ambayo mara nyingine huharibu. Mama humwekea mwanawe godoro la pili au mito mitatu apate raha, na kila anachokiongeza kinaumeza ukingo, hata ukingo wa sentimita 16 ukabaki wa sentimita 5. Wengine humfunga mtoto kwa shuka asianguke. Hilo nimeliona kwa macho yangu mara mbili, na mara zote mbili nilifungua mafundo pale pale na kuomba radhi baadaye, kwani mtoto akiteleza huku amefungwa, shuka humkaba. Afadhali waondoe viti, masanduku na meza chini ya ngazi, maana mara nyingi pembe ya sanduku huumiza kuliko sakafu. Tena waache taa ya choo ikiwaka na mlango umefunguliwa kidogo. Vyumba vya ndani vya meli havina dirisha, na taa ikizimwa giza lake si kama giza la kwetu lenye nyota. Mtoto huamka akaukanyaga upepo.

(Jambo jingine la kitanda cha juu ni kwamba dari i karibu, na darini pana bomba la kuzimia moto lenye kichupa chembamba cha kioo. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu alitundika suruali yake ya kuogelea pale ikauke. Tulikausha mazulia siku mbili.)

Wapo wenzangu wa kazini wasemao kwamba watoto wote walazwe chini, na vitanda vya juu viachiwe watu wazima. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka minane aliyefundishwa kushuka kama baharia, yaani uso kwa ngazi na mikono miwili, hulala juu kwa salama, na furaha yake ni kubwa kuliko vyakula vyote vya meli. Huona chumba chote chini yake, hujiona nahodha. Kumnyima furaha hiyo kwa sababu ya hofu ya bahari ni kuonea. Kumpa mdogo wake wa miaka minne ili anyamaze kulia ni kosa kubwa zaidi.

Sasa huenda mwanafunzi akauliza, haya ya watoto wa matajiri yatuhusu nini? Nitamjibu. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali moja ya watoto katika jimbo la Ohio walitangaza hesabu yao ya miaka 1990 mpaka 2005. Waliona kwamba katika Marekani watu wa umri wa miaka 21 na chini yake waliotibiwa hospitalini kwa ajili ya vitanda vya deka walikuwa karibu 36,000 kila mwaka. Nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka sita, na wengi waliumia kwa kuanguka. Hayo sikuyastaajabia. Nilistaajabia jambo jingine: hesabu ilipungua kadiri watoto walivyokua, kisha ikapanda tena kwa vijana wa miaka 18 mpaka 21, mara mbili ya wale wa 14 mpaka 17. Madaktari walidhani sababu ni mabweni ya vyuo na makambi ya askari. Hapo ndipo nilipowakumbuka ninyi, na nikakumbuka bweni nililolala mimi.

Vitanda vyetu vilikuwa vya chuma, vimechomelewa na fundi wa mjini, vingine deka mbili, vingine tatu. Ukingo ulikuwa nondo moja upande mmoja, nayo ilikuwa sawasawa na godoro, hata ukijigeuza huioni wala huisikii. Ngazi haikuwapo, tulikanyaga kitanda cha mwenzetu, kisha tukajivuta. Na desturi ilikuwa hii: viranja na wakubwa hulala chini, kwa maana chini ni heshima, na mgeni wa mwaka wa kwanza hupandishwa juu kabisa, awe mdogo namna gani, awe amepata kulala juu au hajapata. Katika muhula wa pili mwenzetu mmoja alianguka usiku wa manane akapasuka juu ya jicho. Mkubwa mmoja wa bweni alituambia tuseme ameteleza bafuni. Tukasema hivyo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema, na sikuwa na sababu yoyote ila woga.

Melini abiria mdogo akipewa kitanda kisicho na ukingo, mimi nitafukuzwa kazi kabla ya kufika bandari ya mbele. Kwa nini mtoto wa Mwingereza anayelala juu kwa siku saba alindwe kwa sentimita 16 za chuma, na mtoto wetu anayelala juu miaka minne au sita alindwe kwa bahati? Sisemi ni ubaya wa walimu. Vitanda hununuliwa kwa fedha kidogo, na fundi huchomelea kile alicholipwa. Lakini nondo mbili zaidi na vipandio vitatu ubavuni si mali ya kuifilisi shule, na zamani zangu walikuwapo wavulana waliojua kuchomelea vizuri kuliko fundi mwenyewe. Kuhusu desturi ya kuwapandisha wageni juu, hiyo haitaki hata senti moja. Wakubwa wapande wao, wenye mikono mirefu na uzoefu, na wa mwaka wa kwanza alale chini angalau mpaka vitanda vitiwe ukingo. Najua viranja hawatalipenda shauri hili. Nilipokuwa kiranja nililala chini, na nisingelipenda.

Ningefurahi kama wanafunzi wa sasa wangejibu katika gazeti hili na kueleza vitanda vyao vikoje siku hizi, kwani nimekaa mbali na huenda mengi yamebadilika. Wasijibu kwa makisio. Waweke rula juu ya godoro na kupima ukingo umelizidi kwa kiasi gani. Mimi nipo nyumbani kwa likizo mpaka mwisho wa Agosti, na Mwalimu Mkuu akiniruhusu nitakuja Jumamosi moja na futi kamba yangu. Gharama ya nondo za vitanda viwili vya kwanza nitaitoa mimi, na kimoja kati ya hivyo naomba kiwe kile cha pembeni karibu na dirisha, katika bweni letu la zamani.

Mimi mwanafunzi wa zamani.