Siku Tatu Tanga

Wiki iliyopita wengi mliniuliza niko wapi. Nilikuwa Tanga. Nikitoka semina ya wachungaji Dar es Salaam, nilishuka kwenye basi Jumatano tarehe 23 Februari nimsalimie rafiki tuliyesoma naye chuo cha Biblia. Nilipanga kulala usiku mmoja. Alhamisi tukaamkia habari kwamba Urusi imeivamia Ukraine, na mimi nikaahirisha safari mpaka Jumamosi.

Ndugu mmoja akaniandikia: "Pastor, dunia inaungua na wewe unapunga upepo baharini?" Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Kwanza nitubu. Alhamisi nzima sikupumzika wala sikuomba. Nilikaa barazani na simu, video baada ya video, bando likaisha nikanunua jingine. Asubuhi hiyo dada mmoja wa kanisa letu anayeuza mandazi alinipigia kwa hofu. Amesikia ngano yetu nyingi inatoka Urusi na Ukraine, na unga ulikuwa umeshapanda hata kabla ya vita. Nikamwambia, "Nitakupigia baadaye tuombe." Sikumpigia. Kufikia usiku nilijua majina ya miji ya Ukraine ambayo sikuwahi kuyasikia maishani, na kondoo wangu mwenyewe nimemsahau.

Ijumaa rafiki yangu akaniambia, "Mtumishi, iache hiyo simu ipate chaji, twende tutembee." Tanga ni mji wa pole. Baiskeli zinapita bila haraka, majumba ya zama za Wajerumani yamesimama tu, na mashua zinaelea upande wa kisiwa cha Toten. Nikasema, hapa vita haviwezi kufika. Akacheka! Mtu wa Tanga alikuwa na neno gani na Sarajevo, alikopigwa risasi mrithi wa kiti cha enzi Juni 1914? Lakini Novemba mwaka huohuo meli za Waingereza zilishusha hapo askari wapatao 8,000 kutoka India, wakapigana na Wajerumani na askari wao Waafrika. Hata nyuki waliingia vitani, wakawauma watu. Makaburi yako mjini mpaka leo. Kumbe ule utulivu si wa mji usiojua habari mbaya.

Tukakaa ukutani tukitazama maji, nikamkumbuka Petro. Matendo 9 na 10 zinasema alikaa Yafa siku nyingi, kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko kando ya bahari. Na kanisa lilikuwa limetoka kwenye mateso juzi tu! Hatuambiwi kwamba alikuwa mvivu. Saa sita mchana alipanda darini kuomba, na huko darini ndiko Mungu alikomwandalia safari ya kwenda kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi. Mimi naona Petro angekuwa anakimbia kutafuta habari, wale watu watatu wangebisha hodi wasimkute.

Wapendwa, unabii siupingi. Lakini tangu Alhamisi nimetumiwa Gogu na Magogu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Pastor, tuwaombee wale kina mama waliolala na watoto kwenye stesheni za chini ya ardhi Kyiv." Tunaifungua Ezekieli 38 kama mtu anayeangalia matokeo ya mpira.

Jioni ile nilimpigia dada yetu. Nikamwomba msamaha, tukauombea unga. Halafu yeye mwenyewe, sikumfundisha, akawaombea kina mama wa Ukraine, na wa Urusi pia ambao wana wao wamepelekwa vitani. Mimi nilinyamaza nikasema Amina.

Kwa hiyo ndugu yangu, ndiyo, nilipunga upepo. Ningeanza Alhamisi.

Jumatano hii saa 12 jioni tuko kanisani kwa maombi. Simu zitakaa kwenye kikapu mlangoni. Dada yetu ataleta mandazi, mnunue, hata mkiyaona madogo kuliko ya mwezi uliopita.