Nyumba Mpya na Siri Zake



Juma hili napenda tuongee juu ya hadithi za kutia hofu wanazozipenda vijana wetu. Iko namna moja inayosomwa sana. Familia inahamia nyumba ngeni. Binti wa miaka kumi na sita bado hajazoea mahali. Chumba kimoja hufungwa daima. Jirani akiulizwa habari za mtu aliyekaa humo zamani, hugeuza maneno. Wazazi wasema, "Nyamaza, hayo si ya watoto." Kidogo kidogo binti atambua kuwa liko jambo lililofichwa, na kwamba wakubwa walijua tangu mwanzo.

Wazazi wengine huuliza: Je, yafaa mtoto wa Kikristo asome mambo hayo? Hayatamwondolea usingizi bure? Mimi nasema kwamba shauri hili lategemea jambo moja: hadithi yenyewe yamfundisha kijana kuitafuta siri kwa njia gani?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ushahidi. Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika "Mzimu wa Watu wa Kale", kitabu kilichotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Jina la kitabu lataja mzimu, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, hamsingizii mzimu. Huuliza, hutazama, hupima maneno ya kila mtu, ndipo husema. Hadithi ya namna hiyo yafundisha akili, nami sioni ubaya kijana akiisoma.

Njia ya pili ni ramli. Tuseme familia imehamia Biharamulo kutafuta shamba. Mtoto ashikwa na homa, kuku wafa, usiku yasikika mishindo. Baba, badala ya kumpeleka mtoto zahanati, aenda kwa mpiga ramli, naye amtaja bibi kizee jirani mwenye macho mekundu. Macho yale yameharibiwa na moshi wa kuni alizopikia wanawe na wajukuu wake. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wengi wameuawa kwa neno kama hilo. Kitabu kinachomfundisha kijana kumshuku jirani bila ushahidi, hicho ndicho cha kukiogopa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hapa hapa Ngara ilikuwako siri iliyo kubwa kupita za vitabuni.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wakapewa mahali Benaco, na kwa majuma kadhaa Benaco ilitajwa kuwa kambi kubwa kupita zote duniani. Watoto wengi walipata nyumba mpya pale: miti michache na turubai la plastiki. Walipanga foleni ya maji na ya chakula. Walikuwa hawana kosa lolote.

Katika umati ule alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo. Majuma mawili tu yaliyotangulia, maelfu ya Watutsi waliokimbilia parokia ya Nyarubuye waliuawa kanisani na kandokando yake, naye alikuwa miongoni mwa waliowaongoza wauaji. Sisi tulio watu wa parokia hatuwezi kulitaja jambo hilo bila kuinamisha kichwa. Mwaka huo huo mwandishi Fergal Keane wa BBC alimkuta Benaco akamwuliza habari za Nyarubuye. Yeye alikana. Alikamatwa tarehe 20 Juni 2001 katika kambi ya Mukugwa, mkoa wa Kigoma. Mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha ilimhukumu mwaka 2004 kifungo cha miaka 30, na baada ya rufani, mwaka 2006, kifungo cha maisha.

Angalieni, ndugu zangu. Mtu aliyesema kwamba kila aliyevuka daraja ni mwuaji alifanya kama mpiga ramli. Naye aliyesema kwamba mwuaji hayumo alimsaidia mwuaji kujificha. Ilihitajika kazi ya subira: walionusurika wasimame, waseme waliyoyaona, na maneno yao yapimwe.

Nanyi vijana, hasa ninyi mliopelekwa kukaa kwa ndugu ili msome, shikeni mambo matatu.

Kwanza, tenga uliloliona na ulilolisikia. La kusikia lisikufanye umchukie mtu.

Pili, iko siri ya heshima, kama deni la baba au ugonjwa wa shangazi. Hiyo itunze. Lakini mkubwa akikugusa kwa namna isiyofaa, au akija chumbani mwako usiku kisha akasema, "Ukimwambia mtu nitakufukuza," hiyo si siri ya kutunza. Wala kosa si lako. Mwambie mama, mwalimu, padre, mzee wa mtaa au polisi. Asiposikia wa kwanza, mwambie wa pili.

Tatu, usiende peke yako kufungua mlango wa hatari kama wafanyavyo vijana wa hadithini. Wao mwandishi huwaokoa. Wewe tafuta mtu wa kwenda naye.

Wazazi, yenu ni mafupi. Kama mtoto unayemlea hukumzaa, mwambie mwenyewe mapema, kwa upole, kabla hajaambiwa kisimani kwa dhihaka. Kama kiwanja mlichonunua kina ugomvi, wajulisheni walio wakubwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na mtoto akija na neno la kutisha, msimkaripie kwanza. Pengine amekaa miezi akitafuta ujasiri wa kulisema, na akifukuzwa leo hatarudi tena.

Basi, mkikuta kijana anasoma hadithi ya nyumba yenye siri, msimnyang'anye kitabu. Jioni, chakula kikiisha, mwulizeni: "Yule binti alijuaje? Alimwambia nani?" Kisha msikilizeni vizuri, maana huenda asijibu juu ya kitabu tu.