Mama, Same Hakuna Kama Huyo?

Wanachuo wenzangu, mimi ni mama wa binti wa miaka tisa. Nikiwa chuo analelewa na bibi yake, Same. Likizo iliyopita nilimkuta akicheza harusi na wenzake. Yeye ndiye mke, na kazi yake ilikuwa kulia tu. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, kwenye tamthilia ndivyo wanavyofanya." Nikashtuka.

Sikumzimia TV. Nilifungua laptop, tukaangalia Queen of Katwe, filamu ya 2016 ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyetoka kuuza mahindi akawa bingwa wa chesi. Ilipoisha akauliza, "Same hakuna kama huyo?"

Wapo! Mwaka 1945 Wapare waligomea kodi ya mbiru, wanaume wakapiga kambi Same. Mwaka 1946 wanawake wakaandamana Usangi, wakamkabili DC wa mkoloni: suala la kodi liishe, waume zao warudi nyumbani. Baadaye mbiru ilifutwa.

Kwa hiyo nasema hivi: usichague filamu kwa kuangalia nani anarusha ngumi. Jiulize, huyu mwanamke anaamua nini? Halafu kaa uangalie na mtoto, maana swali la binti yangu lilikuja kwa sababu nilikuwa pale.

Nanyi mnaosoma filamu, ile milima ya Upare ina stori. Itengenezeni. Binti yangu anasubiri, na safari hii asimwone mwanamke wa kulia tu.