Laptopu ya mtumba Kariakoo: Windows 10 imeachwa, Linux je?

Msikilizaji unayefuata laptopu ya mtumba Kariakoo, uliza kwanza umri wake. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi za kabla ya 2018 hazikubali Windows 11. Bila maboresho ya usalama, virusi hupata upenyo.

Njia mojawapo ni Linux. Hupatikana bure, na kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android. Faili za Word hufunguka, ila mpangilio wa kurasa unaweza kuyumba. Baadhi ya printa hukataa kabisa.

Hivyo, mwenye steshenari, nenda na jina la printa yako. Mwombe fundi aiwashe Linux kutoka kwenye flashi, bila kufuta Windows, uijaribu kabla ya kulipa. Programu ni bure. Nauli ya kurudi Dar si bure.