Watoto wetu hawako "fain"

Vijana wenzetu wa Nakivale, na ninyi ndugu zetu wa mashirika, leo tuongee bila kufichana.

Siku hizi kila semina ya elimu ni "stadi za kijamii na kihisia". Mtoto ajue kutaja anachohisi, atulize hasira, amuelewe mwenzake, amalize ugomvi bila ngumi. Sisi hatupingi. Wengi wetu tulivuka mpaka wadogo, usiku, na hakuna aliyetuuliza moyo ukoje. Tunachopinga ni namna inavyofanywa.

Tulikuwa tunasaidia darasa moja la pili. Kulikuwa na kijana wa miaka 12 kati ya watoto wa miaka 7. Kwao Kongo alishafika la tano, kwa Kifaransa. Huku masomo ni Kiingereza, basi akarudishwa chini. Siku moja mgeni akaja na kadi za sura: ya kucheka, ya kulia, ya hasira. Akauliza kwa Kiingereza, mnajisikiaje? Darasa zima kwa sauti moja: "Ayam fain!" Mgeni akafurahi, akapiga picha, akaenda zake.

Yule kijana alikuwa ameshika kadi ya hasira. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hata sisi hatukumuuliza. Wiki ileile akapigana, akachapwa fimbo mbele ya wote.

Sasa hapo kajifunza nini? Kwamba mwenye nguvu ndiye anapiga. Sheria ya watoto ya Uganda ilirekebishwa 2016 ikakataza viboko shuleni. Lakini fimbo bado iko mezani, na bango la "tuheshimiane" liko ukutani juu yake.

Mtatuambia mwalimu ana watoto zaidi ya mia, afanye nini? Ni kweli, na tunamhurumia. Ndiyo maana tunasema muanze na yeye. Mwalimu aliyechoka, ambaye hakuna anayemsikiliza, atampa mtoto utulivu gani?

Na tafadhali, msitumie masomo haya kunyamazisha watoto. Mtoto akikasirika kwa sababu mgao umekatwa na amelala njaa, hasira yake siyo ugonjwa. Afundishwe kuisema, siyo kuimeza.

Tunaomba mambo matatu tu. Moja, waulizeni watoto kwa lugha wanayolilia. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba ya Uganda tangu 2005, hakuna haja ya kukionea aibu. Mbili, vijana tunaojua lugha hizo tuwekwe darasani mwaka mzima, siyo siku ya wageni tu. Tatu, fimbo itoke.

Siku mkirudi na zile kadi, ketini chini na watoto. Anayeshika ya hasira, msikilizeni mpaka amalize. Picha mtapiga baadaye.